Musamaria na Telefoni: Tukisoma «Kuelekea Uwepo Kamili» katika Kanyaruchinya

Tarehe 28 mwezi wa tano 2023, siku ya Pentekoste, ofisi ya Roma yenye kuangalia mambo ya habari ilitoa andiko juu ya mitandao ya telefoni na namna wakristu wanavyopaswa kuitumia. Jina lake kwa kifaransa ni «Vers une pleine présence». Sisi tutasema «Kuelekea uwepo kamili». Lina mafungu 82, yaliyopangwa katika sehemu ine. Tumelisoma polepole. Hatukutafuta makosa ndani yake. Tulitaka kujua neno moja tu: je, andiko hili linamufaa katekista wa Kanyaruchinya, ao halimufai?

Kwanza tulisifu kwa yale yanayostahili sifa. Waandishi wamelijenga andiko lote juu ya mufano wa Musamaria mwema. Wanasema mitandao ni njia, kama ile ya kushuka toka Yeruzalemu mpaka Yeriko. Juu yake wamelala watu waliojeruhiwa, na wapitaji wanageuza uso. Wanaonya ya kwamba mwenye kutumia mitandao anazani anapata vitu bure, kumbe yeye mwenyewe amekuwa bizaa inayouzwa. Hawaogopi kusema ya kwamba hata maaskofu na wachungaji wengine wanaanguka mara na mara katika mabishano na maneno mepesi. Wanakumbusha tena ya kwamba hakuna mutu anayeweza kula pamoja na mwenzake kwa kupitia kioo cha telefoni. Hayo yote ni mafundisho ya kweli, na museminari anayeyafuata atajiokoa na hatari nyingi.

Lakini andiko lolote lina musomaji wake, yule ambaye mwandishi anamuona mbele ya macho anapoandika. Musomaji wa andiko hili ni mutu aliyeketi peke yake, telefoni yake mukononi, habari zinamiminika kama mvua, na mashine inamuchagulia zile zinazomupendeza. Mutu huyo yuko Ulaya, yuko Kinshasa, na katika mitaa mingi ya Goma yuko pia. Katika Kanyaruchinya hali ilikuwa ingine.

Wasomaji wa mbali tuwaeleze. Kanyaruchinya iko upande wa kaskazini wa Goma, katika teritwari ya Nyiragongo, juu ya njia kubwa inayopanda Kibumba na Rutshuru. Udongo wake ni mawe meusi ya volkano. Mwaka 2012 watu waliokimbia vita vya Rutshuru walijaa pale, na mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule wakakimbia tena. Mwisho wa mwezi wa kumi 2022, Kiwanja na Rutshuru zilipokamatwa na M23, wakashuka tena kwa maelfu, hema zikafunika mawe. Mbele ya mwaka kwisha kolera ikaingia kambini. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma yenyewe, wakabeba tena magodoro juu ya kichwa na kuondoka.

Katika kambi ya namna ile telefoni haikai kuwa kitu cha mutu mumoja. Mwenye telefoni ni mumoja, masikio ni makumi mawili. Anaipeleka kuishariji kwa mwenye sahani ya jua, analipa franga kidogo, ananunua mega za siku moja. Sauti iliyotumwa kwa WhatsApp inafunguliwa kwa nguvu, na jirani wote wanasikiliza. Kiisha mama mumoja anakwenda kuchota maji. Pale penye bidoni anasimulia yale aliyoyasikia. Wa pili anaongeza kidogo, wa tatu anapunguza. Habari ikifika hema ya kumi na moja, jina la mutumaji limekwisha kuanguka njiani. Habari ilitoka ndani ya telefoni, lakini sasa inatembea kwa miguu.

Hapa ndipo tunapoona upungufu wa kwanza wa andiko. Dawa yake ni kwa upweke wa mutu na kioo chake. Ugonjwa wa kambi ni mwingine: ni neno lililopoteza mwenyewe. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Walisema hivyo kwa sababu katika kijiji mwongo alijulikana. Kesho yake walimukuta nyumbani wakamuuliza. Leo neno linafika toka muji usiojulikana, kwa sauti ya mutu asiyetaja jina, na hakuna mulango wa kwenda kubisha.

Upungufu wa pili ni huu: andiko linaogopa sana wingi wa habari. Sisi tumeona pia ukosefu wa habari, na ukosefu huo unaua vilevile. Volkano ya Nyiragongo, ambayo Kanyaruchinya inakaa chini yake, ilipasuka siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, wakati wa jioni. Watu zaidi ya 30 walikufa, na moto ukafika Buhene, karibu na kiwanja cha ndege. Basi, kituo cha Goma cha kuchunguza volkano kilikuwa kimepita miezi katika taabu. Musaada wa Banki ya Dunia ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa kukosa feza intaneti ikakatika. Tangu mwezi wa kumi 2020 mpaka mwezi wa ine 2021 wataalamu hawakuweza kufuata mutetemeko wa mulima kama inavyopaswa. Wenye elimu walikuwapo, vyombo vilikuwapo, lakini njia ya kupitisha habari ilifungwa. Tena tukumbuke tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku iliyofuata uchaguzi, ambapo Serikali ilikata intaneti katika inchi nzima kwa siku karibu 20. Je, uvumi ulinyamaza? Hapana, ukimya uliulisha.

Kwa hiyo hatuwezi kukubaliana na wahubiri wanaosema telefoni ni kazi ya shetani, na dawa ni kuizima. Padri anayewaambia wakimbizi wazime telefoni anawaambia wazibe masikio wakati mulima unanguruma. Tangu mwaka 1963 Mutaguso wa Vatikano wa Pili, katika andiko «Inter mirifica», umeviweka vyombo vya habari kati ya maajabu ambayo akili ya mutu imeyagundua kwa musaada wa Mungu. Swali linalobaki ni moja: nani anajibu juu ya neno linalopita ndani yake?

Tuangalie mambo ya tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano nyuma ya moto. Gavana wa Kivu ya Kaskazini aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamishwe, kwa kuogopa mulipuko wa pili. Watu kwa mamia ya maelfu wakaenda Sake, Rutshuru na ng'ambo ya mupaka. Waliteswa sana kwa kukosa maji na malazi, tena mulipuko wa pili haukuja. Wengine wakacheka: «Walitudanganya.» Sisi hatusemi hivyo. Amri ile ilikuwa na mwenyewe. Aliitoa mbele ya watu wote, kwa jina lake na kazi yake, akaeleza sababu. Na tarehe 7 mwezi wa sita Serikali ikatangaza watu warudi polepole. Walijua ni nani wa kumuuliza, na ni nani wa kumulaumu. Kukosea kwa namna hiyo si uongo.

Kinyume chake ni sauti isiyo na jina inayofika usiku: «Ondokeni, wamekwisha kufika!» Mama mwenye mutoto mugonjwa afanye nini? Akiondoka, mutoto anaweza kufa katika baridi ya njiani. Asipoondoka, pengine watakufa wote wawili. Na kama alikwisha kudanganywa mara mbili, mara ya tatu hatainuka, hata ikiwa habari ni ya kweli. Hiyo ndiyo zambi kubwa ya mwenye kusambaza asiyoyajua: analeta uongo wa leo, tena anaua ukweli wa kesho.

Sasa turudi kwa Musamaria. Waandishi wa andiko wanakaza macho yetu juu ya huruma yake: aliona, akakaribia, akafunga vidonda. Ni vizuri. Lakini tungependa wasomaji wakae zaidi kwa maneno yake ya mwisho. Alimupa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi ya kwamba atapita tena na kulipa deni lote litakalobaki. Musamaria ni mutu anayerudi. Uwepo kamili, kwa maoni yetu, ndio huo: kuonekana tena pahali pale ulipoacha neno lako. Anayepiga picha ya mujeruhiwa, akaituma mbali, na kesho hakumbuki hema lake, huyo amesimama kidogo kuliko kuhani na Mulawi, lakini yeye pia amepita.

Basi ndugu makatekista, tunaweza kutoa kanuni fupi. Habari ikifika, uliza: ni nani aliyeona kwa macho yake? Pahali gani? Siku gani na saa gani? Nikiituma, watanikuta wapi kesho wakitaka kuniuliza? Ukikosa jibu la swali hili la ine, nyamaza, ao sema wazi: «Nimesikia tu, sijui.» Na ukikosea, uende kwa walewale uliowaambia, usahihishe kwa kinywa kilekile. Parokia pia zinaweza kuandika habari zao katika mitandao: habari fupi, yenye tarehe, fasi na jina la mwandishi. Gazeti la zamani lilikuwa na jina la mupiga chapa na anwani pa kutuma barua. Tusiache desturi hiyo kwa sababu karatasi imegeuka kioo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha ya kwamba kutazama ukweli ni kitu kizuri, na kuwapa wengine yale tuliyoyatazama ni kizuri zaidi. Kugawa maarifa kunaanza na kutazama. Mwenye kusambaza bila kutazama hagawi kitu, anatupa mawe gizani.

Hukumu yetu ni hii: «Kuelekea uwepo kamili» ni andiko la kusomwa katika seminari zote, hasa pale linapofundisha kusikiliza mbele ya kusema. Lakini lisomwe pamoja na Kanyaruchinya kando yake, ili museminari ajue ya kwamba neno moja la telefoni linaweza kuhamisha maelfu ya watu usiku. Atakapokuwa padri, wale watu watasikia sauti yake ndani ya telefoni. Asubuhi wamukute pale.