Mkate Ndani, Unga Nje: Kababu za Rojo la Jibini Zinavyopikwa Kitengela

Kababu za rojo la jibini huharibika kwa njia mbili. Ama kababu yenyewe inatoka ngumu, imesinyaa, imelala kwenye kidimbwi cha mafuta na maji iliyoyatapika. Ama rojo linakatika, jibini inajikunja mabonge yanayovutika huku mafuta yakielea juu. Wapishi wengi huhesabu makosa mawili hapo, moja la nyama na jingine la jibini. Mimi naliona moja. Nyama na jibini zote mbili ni protini iliyoshika mafuta na maji, na protini ikizidiwa na moto hujikaza kama ngumi na kukamua ilichokishika. Anayeizuia isijikaze, huku na huku, ni wanga: mkate ndani ya kababu, unga wa ngano ndani ya rojo.

Kwa Kitengela, hata hivyo, kazi inaanzia kwa ng'ombe. Mji huu umekaa ukingoni mwa nyanda za malisho za Kajiado, na ng'ombe anayening'inia buchani mara nyingi ni zebu wa Kimaasai, au chotara wake na Sahiwal, aina ambayo asili yake ni Punjab. Amekula nyasi, amefuata maji, na pengine ameswagwa hadi mnada wa Bissil kabla ya kupandishwa lori kuja huku kwa barabara ya Namanga. Nyama yake ina ladha ambayo ng'ombe wa kufungiwa haipati, lakini mafuta ni haba, na hayo yaliyopo ni ya manjano kwa sababu ya karotini ya nyasi. Mapishi ya kigeni yakisema nyama ya kusaga, kwa kawaida yanawazia nyama yenye mafuta karibu asilimia 20. Steki tupu ya bucha ya Kitengela kwa kawaida haifiki hata nusu ya hapo. Ukiifuata karatasi ya Mswidi au Mwamerika neno kwa neno, umeshapoteza kababu kabla hujawasha moto.

Kwa hiyo swali la muuza nyama, "Bosi, nisage steki tupu ama nichanganye?", ndilo swali kubwa kuliko yote katika mapishi haya, na wengi hulijibu vibaya kwa kudhani steki tupu ndiyo heshima. Mwambie achanganye. Kuchanganya na nini, hapo ndipo pa kuwa macho. Mafuta ya figo ndiyo yaliyo karibu na mkono wake, tena ni ya bei rahisi, lakini ni mafuta magumu: chakula kikianza kupoa tu yanaganda na kubandika utando kwenye kaakaa. Kifua ni bora. Nundu ni bora zaidi. Nundu ya zebu ni msuli uliopitiwa na mafuta kote ndani, si donge la mafuta matupu kama watu wanavyodhani, na Wabrazil, ambao ng'ombe wao wengi ni wa ukoo huo huo, huichoma nzima na kuiuza kwa fahari. Robo tatu ya steki au nyama ya paja, robo moja ya nundu: kwa kipimo hicho nyama ya Kajiado inakuwa na mafuta ya kutosha kubaki laini. Kiangazi kikiuma, ng'ombe wakakonda, ongeza nundu. Baada ya mvua za masika, malisho yakiwa yamerudi, punguza.

Asage mbele yako, na mashine iwe safi. Hili si suala la madoido. Vijidudu vya nyama nzima hukaa juu, ambako moto huvifikia kwanza. Ukisaga, umevipeleka hadi katikati. Ndiyo maana steki inaweza kuliwa ikiwa nyekundu ndani, lakini kababu ni lazima ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati kabisa.

Sasa mkate. Wapishi wa Pwani wanaujua huu mchezo tangu zamani: kababu za Mombasa na Unguja huwekwa mkate uliolowekwa, na anayedhani ni ujanja wa kuongeza wingi ili nyama itoshe watu wengi amekosea kidogo tu. Inaongeza wingi, kweli, lakini kazi yake ya maana ni nyingine. Nyuzi za protini ya nyama zikipata moto hutafutana, hushikana na kufupika. Mkate uliolowa maziwa huingia katikati yao, ukazitenganisha, na wanga wake ukayanywa maji ambayo nyama imeyatema. Waswidi nao hufanya hivyo hivyo. Mwaka 2018 akaunti rasmi ya Sweden kwenye Twitter ilikiri hadharani kwamba kababu zao mashuhuri zinatokana na mapishi ambayo Mfalme Karl XII aliyarudisha kutoka kwa Waturuki mwanzoni mwa karne ya 18. Kama masimulizi hayo ni kweli, basi kababu ya Stockholm na ya Mji wa Kale Mombasa ni binamu waliopotezana.

Kwa nusu kilo ya nyama tumia slaisi mbili za mkate mweupe zilizokatwa maganda, na maziwa kiasi cha mililita 100. Uponde mpaka uwe uji mzito usio na madonge. Kitunguu kikaangwe kwanza, kipoe. Kikiingia kibichi kitatoa maji ndani ya kababu na kuipasua. Yai moja, tangawizi na kitunguu saumu, pilipili manga, dania ukipenda. Chumvi kijiko kidogo kimoja, na usizidishe, kwa kuwa jibini itakuja na chumvi yake.

Chumvi ina ukorofi wake. Ikikutana na nyama iliyosagwa huyeyusha sehemu ya protini na kuigeuza gundi, na kadiri unavyozidi kukanda ndivyo gundi inavyozidi. Gundi kidogo ni lazima, la sivyo kababu itamomonyoka kwenye sufuria. Ikizidi, unapata soseji: kitu kinachodunda mdomoni. Changanya chumvi na viungo kwenye uji wa mkate kwanza, ndipo utie nyama, ukoroge kwa vidole vilivyotanuliwa hadi mchanganyiko uanze kushika mkono, uache hapo. Nyama iwe baridi. Mchana wa Kitengela mafuta huanza kulainika mapema, na mafuta yaliyolainika hupakaa badala ya kubaki chembechembe. Finyanga vidonge vya gramu 30 hivi, vidogo kuliko limau, kisha viweke mahali pa baridi nusu saa.

Kukaanga ni kwa ajili ya rangi tu. Ile rangi ya kahawia yenye harufu inayotoa watu sebuleni huja sehemu ya juu ya nyama ikipita nyuzi 140 hivi, na haipiti hapo kamwe ikiwa imelowa, kwa sababu maji huishikilia kwenye joto la kuchemka. Hapa joto hilo ni kama nyuzi 95, maana tuko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Basi kikaango kiwe na moto mkali, vidonge vichache kwa wakati mmoja, na nafasi kati yao ili mvuke utoke. Vikishapata rangi pande zote vitoe, hata kama ndani bado mbichi. Usioshe kikaango. Ule ukoko wa kahawia ulioganda chini ndio utakaolipa rojo ladha ya nyama.

Punguza moto. Kwenye mafuta yaliyobaki ongeza siagi, vijiko vikubwa viwili, na ikiyeyuka tia unga wa ngano vijiko vitatu. Koroga dakika mbili au tatu mpaka harufu ya unga mbichi iishe na harufu ya biskuti ianze. Mimina maziwa nusu lita, kidogo kidogo, ukikwangua ukoko kwa mwiko. Chembe za wanga huanza kuvimba zikifika kama nyuzi 60, lakini hazikolei hadi maziwa yakaribie kuchemka. Kwa nyuzi 95 zetu zinakolea vizuri, ila zipe muda. Rojo linaloonekana jepesi dakika ya tatu linaweza kuwa zito dakika ya nane. Likishaanza kupaka mgongo wa kijiko, rudisha kababu na ufunike, lichemke polepole dakika nane hadi kumi.

Hapo ndipo moto wa nyama unapoisha na zamu ya jibini inapofika, na zamu hizo mbili zisichanganywe. Nyama inataka 71 na zaidi. Jibini inataka kuyeyuka kwenye 60 hadi 70, na ikipelekwa kwenye mchemko inakatika. Epua sufuria. Subiri mpaka rojo liache kufurukuta kabisa, mvuke upungue, ndipo uanze kutia jibini iliyokunwa, konzi moja baada ya nyingine, kila konzi iyeyuke kabla ya inayofuata. Gramu 120 zinatosha. Chembe za wanga zilizovimba zitakaa kati ya protini za jibini kama mkate ulivyokaa kati ya nyuzi za nyama, na mafuta yatabaki yametawanyika ndani ya rojo. Krimu iingie mwisho, nusu kikombe, kwa ulaini tu. Wanaoitegemea krimu ilizuie rojo lisikatike wanaibebesha kazi ya unga.

Jibini gani? Cheddar iliyokomaa sana ina ladha kali, lakini protini yake imeshakatwakatwa na ukomavu na haishiki mafuta vizuri. Mozzarella ni kinyume: protini ndefu, imefungwa na kalisi, inavutika nyuzi hadi shingoni. Changanya Cheddar changa na Gouda. Usinunue iliyokwisha kukunwa kwenye pakiti, maana hunyunyiziwa unga wa kuzuia isishikane, na unga huo huacha ukakasi ulimini. Kuna njia nyingine ambayo wajuzi huionea haya bila sababu: chana slaisi moja au mbili za jibini ya kusindika, zile za mraba za dukani, uzitie pamoja na nyingine. Mwaka 1911 Waswisi Walter Gerber na Fritz Stettler waligundua kwamba chumvi ya sitrati hunyakua kalisi kutoka kwenye protini ya jibini na kuifanya iyeyuke bila kukatika; James Kraft akapata hataza ya njia yake mwenyewe ya kusindika jibini huko Marekani mwaka 1916. Slaisi hizo zimebeba chumvi za aina hiyo, na kiasi kidogo kinatosha kutuliza sufuria nzima. Matone machache ya limau husaidia kwa njia inayofanana. Yakizidi, unatengeneza jibini nyingine.

Maziwa yawe mazima, ya mashine ya mtaani au ya mfugaji, mradi yamechemshwa. Ya zebu yana mafuta mengi kuliko ya Friesian, na rojo lake hunoga bila krimu nyingi. Mala iache kwenye kikombe. Kajiado ina ufundi mkubwa wa maziwa lala, ya kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha mzeituni pori, lakini uchachu wake ukipata moto hukatika palepale, na unga peke yake hauwezi kuubeba wote.

Neno moja kuhusu jiko. Meko ya gesi ya kilo sita hupiga moto katikati pekee, na sufuria nyembamba ya alumini itaunguza rojo sehemu moja huku pembeni pakiwa pa vuguvugu. Tafuta sufuria nzito au zungusha hiyo uliyo nayo. Makaa hayana kitasa cha kupunguzia, ila yana jivu: yafunike kwa jivu wakati wa kuchemsha polepole, na wakati wa jibini weka sufuria sakafuni.

Wali unafaa, tambi zinafaa, chapati inafuta sahani vizuri zaidi ya vyote. Kiporo usikirudishe kwenye moto mkubwa. Usiku kucha mkate ulio ndani ya kababu umeendelea kunywa, rojo limekuwa zito na wanga umeganda, kwa hiyo tia maziwa vijiko vitatu au vinne kwanza, moto mdogo, ukoroge pembeni bila kuvunja vidonge, mpaka kababu ziwe za moto kabisa hadi katikati, na uepue kabla rojo halijaanza kutokota.