Viti Vitatu vya Shamte

Kukusanya umati wengi wanaweza. Kukaa na orodha ya majimbo, ukajua kura zako zinatosha wapi na zinapungua wapi, huo ni ufundi mwingine, na katika zama za siasa Zanzibar, kabla ya Mapinduzi, sioni aliyekuwa nao kuliko Muhammed Shamte Hamadi, mwalimu mstaafu wa Pemba.

Mwishoni mwa 1959, yeye na Ameri Tajo walijitenga na chama cha Afro-Shirazi (ASP) wakaunda Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP). Chama kilikuwa kidogo, na tegemeo lake kubwa lilikuwa Washirazi wa Pemba. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa na viti 22: ASP ikapata 10, Hizbu (Zanzibar Nationalist Party) 9, ZPPP 3. Viti hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa vya kuamua, lakini havikukaa pamoja. Shamte na Bakari Mohammed walikwenda na Hizbu, Ali Sharif akarudi ASP. Ikawa 11 kwa 11, na serikali haikupatikana.

Juni ukaitishwa uchaguzi mwingine, na kiti kimoja kikaongezwa. Safari hii ZPPP na Hizbu walipatana kabla ya kura kupigwa, wakaachiana majimbo ili wasipokonyane wapiga kura. Tazama matokeo: ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Vitatu vilevile, ila sasa vimefungwa pamoja. Pamoja na kumi vya Hizbu, vikatosha kuunda serikali ya viti 13, na mwenye vitatu ndiye aliyekuwa Waziri Kiongozi, si mwenye kumi. Hapo ndipo ninapomvulia kofia Shamte.

Lakini uchaguzi huohuo ulizusha ghasia zilizoua watu 68, na hilo halikuwa jambo la kupita nalo haraka. Julai 1963 ushirika wa ZPPP na Hizbu ulishinda tena, viti 18 kwa 13, ZPPP ikiwa na 6. Lakini ASP ilikuwa imepigiwa zaidi ya nusu ya kura zote. Kwa hesabu ya viti, Shamte alikuwa salama. Kwa hesabu ya mitaani, hakuwa. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963 yeye akiwa Waziri Mkuu, na Mapinduzi yakamwondoa tarehe 12 Januari 1964.

Anayetaka kuanzisha chama kidogo leo aisome Juni 1961 kwa makini, na asiiruke Julai 1963.