Pete Isiyouma: Mafungu Manne ya Karata za Kitabu cha Tolkien

Karata tunazozijua sisi ni 52, na wachezaji wote hutumia fungu moja. Lakini iko namna nyingine ya karata, yenye picha za majoka, majitu na wachawi, ambayo kila mchezaji huja mezani na fungu lake mwenyewe, kama mkubwa wa vita ajavyo na jeshi lake. Jina la mchezo huo ni Magic: The Gathering. Aliyeutunga ni Mmarekani Richard Garfield, mtu wa hesabu, nao ulitolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Tangu siku zile zimechapwa karata za namna mbalimbali zaidi ya 20,000.

Aliye na ndugu Ulaya au Marekani huenda akazikuta karata hizo mezani kwao, au akaombwa na mtoto amnunulie. Yafaa basi tujue ni kitu gani, tena tupime kizuri chake na kibaya chake. Leo nataka kupima mafungu manne yaliyotolewa mwezi wa Juni 2023.

Kwanza tueleze jambo moja. Kwa desturi karata hizi huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui alichokinunua mpaka apasue karatasi. Mmoja hupata karata ya thamani, mwingine hupata takataka, na wote wawili wamelipa bei ileile. Hiyo ni biashara ya kubahatisha. Lakini ziko pia karata zinazouzwa zimekwisha pangwa. Tangu mwaka 2011 kampuni hutoa mafungu ya karata 100 kwa mchezo uitwao Commander, ambao kwanza ulibuniwa na wachezaji wenyewe, si na kampuni. Katika mafungu hayo karata hazifanani hata mbili, ila zile za nchi tu: uwanda, kisiwa, kinamasi, mlima na msitu. Karata moja ni jemadari. Kwa desturi watu wanne hukaa pamoja, na kila mtu huanza na uhai 40. Orodha ya karata hutangazwa mbele, na mnunuzi ajua atakachopata. Huo ni uuzaji wa haki, nasi twausifu.

Mafungu manne ninayoyasema yalitoka katika kitabu The Lord of the Rings cha Mwingereza J. R. R. Tolkien, mwalimu wa Oxford na Mkatoliki mwenzetu, kilichotolewa mwaka 1954 na 1955. Je, wachora karata wamekitendea haki kitabu hicho?

Kwa sehemu kubwa ndiyo. Tazama fungu liitwalo Food and Fellowship, yaani chakula na urafiki. Majemadari wake ni wawili pamoja: Frodo, mtu mfupi aliyetwikwa kazi kubwa, na Sam mtumishi wake. Kila zamu, kabla ya kushambulia, Sam huandaa chakula, na chakula kikiliwa mchezaji hupata uhai 3. Sasa, yeyote aliyekisoma kitabu ajua kwamba Frodo asingefika mbali bila rafiki yake aliyebeba sufuria. Hapa sheria ya mchezo yasema jambo lilelile bila maneno mengi.

Fungu la Riders of Rohan lina binti Éowyn. Zamu anapojiunga mtu mwingine, wapanda farasi wawili huongezeka jeshini. Fungu la Elven Council lina Galadriel, naye huwaita wachezaji wote kupiga kura, hata adui zake. Basi watu hulazimika kusemezana, na mchezo wa kusemezana ni bora kuliko ule wa kukaa kimya kila mtu na zake. Fungu la nne, The Hosts of Mordor, ni la adui Sauron. Lina nguvu, lakini jemadari wake ataka nguvu 8 kabla ya kuingia uwanjani, na mchezaji mgeni atachoka kumngoja.

Sasa nifike penye kosa, nalo si dogo. Katika kitabu, Pete ndiyo kiini cha habari yote. Humpa mwenye kuivaa uwezo wa kutoonekana, lakini humla moyo kidogo kidogo. Frodo mwenyewe, mtu mwema, alipofika kwenye mlima wa moto alishindwa kuitupa. Lakini katika karata hizi imeandikwa kwamba Pete yakujaribu, na maana yake nini? Unachagua mmoja wa watu wako aivae. Ikikujaribu mara ya pili, unapata uwezo mwingine. Mara ya tatu, mwingine. Hata mara ya nne. Hupotezi kitu. Tena karata ya Frodo yasema kwamba Pete ikiwa imekwisha kumjaribu mara mbili, utapewa karata nyingine kama zawadi! Basi mchezaji hukitafuta kishawishi na kukifurahia. Wazee wetu walisema: Tamaa mbele, mauti nyuma. Katika mafungu haya iko mbele tu. Nyuma hakuna kitu.

Labda utasema: Huu ni mchezo tu, usiudai mafundisho. Mimi najibu: Wachora karata walijua kufanya vema zaidi. Mwezi uleule walitoa karata nyingine iitwayo The One Ring, ambayo kadiri unavyoitumia ndivyo mzigo wake unavyozidi, na mzigo huo hula uhai wako. Hiyo ndiyo Pete ya Tolkien kweli. Lakini haimo katika mafungu haya manne. Iliwekwa katika pakiti za kubahatisha. Tena nakala moja ilichapwa ya peke yake, hakuna nyingine ulimwenguni, ikafichwa katika pakiti mojawapo. Mwaka huohuo mwimbaji Post Malone aliinunua kwa dola zipatazo milioni 2. Basi Pete ya mezani haimjaribu mtu kweli, lakini Pete ya dukani iliwajaribu wengi, wakapasua pakiti baada ya pakiti.

Hata ndani ya sanduku la haki niliyoisifu wametia kipakiti kidogo cha karata mbili za kubahatisha, kama mvuvi atiavyo chambo. Mzazi na akijue.

Hukumu yangu ni hii. Ukimnunulia kijana fungu moja, chagua Food and Fellowship, maana lafundisha urafiki kwa matendo. Lakini kwanza mpe kitabu akisome. Kisha, wakicheza, muulize: Je, Pete ya karata ni sawa na Pete ya kitabu? Akijua kukujibu, mchezo haukumpotezea wakati.