Pongezi kwa Wapima Vito

Kituo cha Jemolojia Tanzania, jijini Arusha, kinastahili pongezi kwa kufundisha utambuzi wa vito, taaluma ambayo ugumu wake hudhihirika katika opali ya kuunganishwa, yaani utando mwembamba wa opali halisi uliogundishwa juu ya tabaka jeusi na, katika aina ya tabaka tatu, kufunikwa kwa fuwele angavu ya kwazi au kioo (si ulaghai, mradi muuzaji aseme). Ubavuni, lenzi inayokuza mara 10 huonyesha mstari mnyoofu wa gundi, pengine na viputo. Pete inapouficha, mpimaji hupima jinsi nuru inavyopinda usoni mwa jiwe, kwani opali hutoa takriban 1.45, ilhali kifuniko cha kwazi hutoa 1.54.