Hesabu ya Wasiomeza

Mito ya wilaya ya Rungwe, Tanzania, ina haraka. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka ikipiga miamba hadi Ziwa Nyasa, na maji ya namna hiyo ndiyo inzi weusi wanayoyapenda kutagia mayai. Kwa kuumwa na inzi hao watu wa Tukuyu wamepata usubi: muwasho usiomwacha mtu alale, ngozi inayozeeka kabla ya mwenyewe, na kwa wengine upofu.

Dawa ipo. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa ivermectin bure kwa muda wote itakapohitajika. Kijijini mgawa dawa anasimamisha fimbo ya kupimia urefu: mtoto aliyefika sentimita 90 anapata kidonge kimoja, mtu mzima aliyepita 158 anapata vinne. Lakini vidonge hivyo huua watoto wa minyoo ya usubi waliotapakaa kwenye ngozi na kuwaacha wazazi wao hai. Jike anaweza kuishi mwilini miaka 10 hadi 15. Baada ya dozi hutulia miezi kadhaa, kisha huanza tena kuzaa. Basi tumeze mpaka lini?

Darubini haiwezi kujibu, maana swali linahusu miaka ambayo bado haijafika. Hapo ndipo ninapowapa heko watunga modeli. Wanachukua idadi ya watu, mara ambazo mtu huumwa kwa mwaka, sehemu ya inzi wenye vimelea na umri wa mnyoo, wanaviunganisha kwa milinganyo, kisha wanaiacha miaka ipite ndani ya kompyuta. Ronald Ross alikwisha kuonyesha mwaka 1911 kwamba malaria inaweza kukoma bila kuua kila mbu. George Macdonald, akiwaza kichocho mwaka 1965, akaona kuwa minyoo ikipungua sana jike na dume hawakutani, na ugonjwa unajifia. Huko Afrika Magharibi, ambako dawa ya kuua viluwiluwi vya inzi ilianza kumwagwa mitoni mwaka 1974, modeli iliyotungwa Rotterdam ilikadiria kwamba kazi hiyo iendelee kama miaka 14, hadi minyoo izeeke na kufa bila mrithi.

Jambo linalonigusa zaidi ni jinsi hesabu hii inavyomtafuta mtu aliyekosekana. Tuseme kijiji kina watu 500 na kila mwaka asilimia 80 wanameza dawa. Taarifa inasomeka vizuri, wote wanapiga makofi. Ikiwa wanaokosa ni wengine kila mwaka, kwa bahati tu, baada ya miaka 3 waliobaki bila kumeza hata mara moja ni watu 4, na baada ya miaka 5 pengine hakuna. Ikiwa ni walewale, aliyeko shambani siku ya ugawaji, anayeogopa kuvimbishwa na dawa, asiyemwamini mgawaji, basi baada ya miaka 5 wangali 100, na inzi hawana shida ya kuwapata. Asilimia ni ileile, hatima ni mbili. Sijaona ufundi mwingine unaomjali asiyeonekana kiasi hiki.

Ufundi huu nao unategemea kazi ya mikono. Kuna mtu anayeketi kando ya mto tangu asubuhi hadi jioni, mguu wazi, akimfunika kwa kichupa kila inzi anayetua kabla hajauma. Inzi hao hupelekwa maabara, na kigezo cha Shirika la Afya Duniani ni kikali: wenye vimelea vya kuambukiza wawe chini ya 1 katika 2,000. Bila mguu ule mlinganyo hauna cha kula.

Kwa hiyo ningependa daftari la mgawa dawa limfuate mtu badala ya kujumlisha vidonge vya mwaka mmoja: jina moja, mstari mmoja, na mbele yake visanduku vya miaka. Ukurasa wa aina hiyo ukifika mezani kwa mtunga modeli, utamwonyesha kama wanaokosa ni walewale. Ukibaki kijijini, utamwonyesha mgawaji ni mlango upi apige hodi kwanza mwakani.