Sitiari ya Mwenge Isomwapo Namanga

Mtahiniwa akiulizwa jinsi sitiari za hotuba zinavyojenga umoja wa kitaifa, aghalabu hutaja "harambee" ya Mzee Jomo Kenyatta, akasema inahimiza ushirikiano, akaweka kalamu chini. Hajakosea, ila jibu ni pungufu. Harambee ni mwito wa wavuta mzigo. Kenyatta alipouchukua mwaka wa 1963, taifa likawa mzigo na wananchi wavutaji wa kamba moja. Umoja ukawa katika kitendo, si katika nasaba, kwani mvutaji haulizwi kabila. Lakini sitiari iyo hiyo haisemi mzigo unapelekwa kwa nani. Mhakiki na aanzie hapo.

Naye Mwalimu Nyerere, mwaka wa 1959, alizungumzia mwenge juu ya Kilimanjaro utakaomulika hadi ng'ambo ya mipaka. Mwenge uliwashwa kileleni mwaka wa 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Hapa Namanga, basi, taswira hii haisomeki kama inavyosomeka Dodoma. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, ikiwa mwanga ulivuka, mbona ng'ombe walizuiwa?" Nilimwambia aliandikie insha swali hilo.