Ufundi wa Kupanga Likizo ya Gari-Nyumba

Gari-nyumba lina kitanda, jiko, friji, tangi la maji na choo, na anayeliona barabarani hudhani kwamba waliomo wamezikimbia gharama zote za hoteli. Hesabu haiendi hivyo. Gari hilo hunywa dizeli, hulipiwa feri kwa urefu wake na tozo za barabara kwa kimo chake, na likikodiwa mwezi wa Agosti, bei ya usiku mmoja inaweza kuipita ya chumba cha hoteli ya kawaida. Familia inayovuka kutoka Uingereza kwenda Ufaransa kwa bei nafuu huwa imeokolewa na mtu aliyekaa mezani mapema na ramani, kalenda na karatasi ya hesabu. Kazi ya mtu huyo ni ufundi kamili, na unastahili sifa kuliko unavyopewa.

Fundi huanza na kalenda. Julai na Agosti Ufaransa nzima huwa barabarani, hasa siku za kuizunguka sikukuu ya taifa ya 14 Julai na ile ya 15 Agosti. Huduma ya serikali ya kutabiri msongamano, Bison Futé, ilianza mwaka 1976 na hadi leo huzipaka siku rangi: kijani, chungwa, nyekundu na nyeusi. Shule zikifunguliwa mwanzoni mwa Septemba, mambo hugeuka. Bei za kukodi na za feri hushuka, bahari ya mkoa wa Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, bado ina joto la kiangazi (kwa kipimo cha huko, si cha Pwani ya Mombasa), na kambi nyingi hupokea kadi za punguzo kama ile ya ACSI ya Uholanzi, ambayo hufanya kazi nje ya msimu tu. Wenye watoto wa shule wana nafasi finyu zaidi, ila likizo fupi ya mwisho wa Mei huwafaa. Majira ya baridi ni nafuu mno, lakini kambi nyingi hufungwa na mabomba ya maji ya mitaani hukatwa yasipasuke kwa barafu.

Baada ya kalenda huja bahari, na hapa ndipo wengi hudanganywa na tiketi. Dover hadi Calais ndiyo njia fupi, na mara nyingi ndiyo yenye nauli ndogo. Lakini anayekwenda Bretagne akishuka Calais bado ana zaidi ya kilomita 500 kufika Rennes, mji wa mkoa huo. Aliyepanda feri Portsmouth akashuka Ouistreham, karibu na Caen, ana kama 200 tu. Tofauti ya kilomita 300 kwenda na 300 kurudi, kwa gari linalotumia lita 10 kwa kila kilomita 100, ni lita 60 za dizeli, pamoja na tozo na siku nzima ya udereva. Katikati ipo njia ya Newhaven hadi Dieppe, ya takribani saa nne, ambayo huwasahaulika wengi bila sababu. Nauli peke yake haisemi kitu. Fundi hujumlisha nauli, dizeli na tozo kutoka mlangoni kwake hadi kituo cha kwanza cha kulala, kisha ndipo huchagua.

Uzito na kimo vinahitaji uangalifu zaidi ya yote. Magari-nyumba mengi yamesajiliwa kwa uzito usiozidi kilo 3,500, na mpaka huo unabeba mambo mengi. Dereva wa Uingereza aliyefaulu mtihani wa gari dogo kuanzia 1 Januari 1997 haruhusiwi, kwa leseni hiyo pekee, kuendesha gari la dizeli lenye uzito zaidi ya huo. Ufaransa, gari linalouzidi mpaka huo hubanwa na kikomo kidogo zaidi cha mwendo, na tangu Januari 2021 hudaiwa vibandiko vya kuonya juu ya pembe ambazo dereva hazioni. Sasa gari likitoka kiwandani na vifaa vyake, nafasi iliyobaki inaweza kuwa kilo 300 au 400 tu. Lita 100 za maji ni kilo 100. Ongeza abiria watatu, baiskeli mbili, turubai la kivuli, viti na mitungi ya gesi, na nafasi imekwisha kabla ya kuingia gunia la mchele. Mpangaji mzuri hulipeleka gari kwenye mizani likiwa limepakiwa, husafiri na maji kidogo, na hujaza tangi karibu na anapolala.

Kimo nacho kina bei. Kwenye barabara kuu za kulipia za Ufaransa, gari la kimo cha kati ya mita 2 na 3, lisilozidi tani 3.5, huwekwa daraja la 2. Likifika mita 3 au likizidi uzito huo, hupanda hadi daraja la 3 na tozo hupanda nalo. Magari yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva mara nyingi hupita mita 3. Anayekodi aulize kimo kabla ya kuuliza rangi ya mapazia, na asome mkataba kama unaruhusu kuvuka mpaka na kilomita ngapi kwa siku.

Tozo zenyewe zinaepukika kuliko watu wanavyodhani. Bretagne haina barabara za kulipia. Barabara zake pana za njia mbilimbili ni bure, jambo ambalo pekee linatosha kuifanya iwe chaguo la mwenye kipato cha kawaida. Kwingineko, barabara za kawaida huwa na kikomo cha kilomita 80 kwa saa, au 90 katika baadhi ya majimbo, na mwendo huo unaipendeza mifuko: ukuta wa hewa unaolikabili gari kwenye kilomita 110 ni kama mara moja na nusu ya ule wa kilomita 90, na gari-nyumba lina paji pana. Mtego mmoja wa kuangaliwa ni barabara ya A13 kutoka Paris hadi Caen, ambayo haina tena vibanda vya malipo: kamera husoma namba ya gari, na mwenye gari ana saa 72 za kulipa kabla ya faini. Dizeli hununuliwa kwenye pampu za maduka makubwa kama Leclerc, Super U au Intermarché, ambako kwa kawaida ni nafuu kuliko barabara kuu.

Katika suala la kulala, Ufaransa haina mshindani. Manispaa nyingi, hata za vijiji vidogo, zimetenga vituo vya magari-nyumba viitwavyo aire, vingine bure, vingine kwa yuro chache, vyenye nguzo ya kuchotea maji safi na shimo la kumwagia machafu. Nguzo nyingine hufunguka kwa kisarafu kinachouzwa katika ofisi ya utalii au kwa muuza mikate, na huo ni ujanja wa kiungwana wa kumfanya mgeni anunue mkate. Mpango wa France Passion, ulioanza mwaka 1993, huwapa wenye kibandiko chake cha mwaka ruhusa ya kulala hadi saa 24 bure kwa wakulima na watengenezaji mvinyo, mradi gari lina choo chake. Halazimishwi mtu kununua kitu, ingawa kuondoka bila hata chupa ya maji ya tufaha ni uchoyo. Siku ya nne au ya tano hulalwa kambi ya manispaa yenye bafu la moto na mahali pa kufulia. Sheria inaruhusu kuegesha gari-nyumba palipo halali kwa gari jingine, isipokuwa manispaa imekataza. Kutoa viti na kufungua turubai ndiko kunakoitwa kupiga kambi. Kulala kwenye vituo vya mapumziko vya barabara kuu ni kualika wezi.

Ndani ya gari, mambo ni machache. Umeme wa kambini wa ampea 6 ni wati 1,380, hivyo birika la wati 3,000 huzima swichi kuu papo hapo. Mtungi wa gesi wa Uingereza haubadilishwi Ufaransa, na regulata hazilingani. Mtungi upimwe kabla ya safari. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuvuka kutoka Uingereza kuingia Umoja wa Ulaya, kwa hiyo friji ijazwe upande wa pili, na ijazwe kabla ya Jumapili mchana, maduka mengi yanapofungwa.

Zimebaki karatasi. Mwenye pasipoti ya Uingereza ana siku 90 katika kila siku 180. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, hata akiwa na kibali cha kuishi London au Leicester, anahitaji visa ya Schengen, ambayo kwa mtu mzima ni yuro 90, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 na ushahidi wa mahali pa kulala. Hapo uhuru wa gari-nyumba hugongana na ofisi, kwa kuwa aire nyingi hazipokei nafasi za mapema. Mpango wake ujengwe juu ya kambi zinazotoa barua ya kuthibitisha nafasi, aire zikiwa za akiba, na visa iombwe kabla ya kukata tiketi ya feri isiyorudishwa fedha.